D.O. au M.D.? Ugomvi wa herufi mbili kwa madaktari wa Marekani



Baada ya swala ya Ijumaa mzee mmoja wa mtaani kwetu alinifuata akiwa na simu mkononi. Binti yake anaishi Ohio, Marekani, na alikuwa amepangiwa upasuaji wa mawe kwenye mfuko wa nyongo. Karatasi ya hospitali ilikuwa na jina la daktari, na baada ya jina herufi D.O. Mjuaji mmoja alishamwambia kuwa hao ni watu wa kukanda migongo. "Tabibu," akaniuliza, "mwanangu apasuliwe na mkandaji?"

Nilimwomba tukae barazani, maana jambo lenyewe lina historia, na Wamarekani wenyewe limewachosha.

Nchini kwao mtu huwa daktari kamili kwa njia mbili. Wapo wanaohitimu na M.D., na wapo wanaohitimu na D.O., yaani madaktari wa tiba ya ostiopathi. Wote husoma chuo cha udaktari miaka minne baada ya shahada ya kwanza, kisha hufanya mafunzo ya hospitalini miaka mitatu au zaidi. Wote huandika dawa, huzalisha na hupasua. Wa D.O. huongezewa saa 200 hivi za kujifunza kutibu misuli, viungo na mgongo kwa mikono, ingawa wengi wakishaanza kazi hawautumii sana ujuzi huo. Tangu mwaka 2020 mafunzo ya hospitalini ya pande zote mbili yako chini ya mfumo mmoja. Zaidi ya robo ya wanafunzi wa udaktari wa nchi ile wako katika vyuo vya D.O.

Sasa kama kazi ni moja, herufi mbili za nini?

Chanzo ni tabibu aitwaye Andrew Taylor Still. Mwaka 1864 homa ya uti wa mgongo ilichukua watoto watatu wa nyumba yake, na dawa za zama zile hazikuwafaa kitu. Matabibu wa wakati huo walikuwa wakiwanywesha wagonjwa zebaki na kuwatoa damu, basi si ajabu mtu kukata tamaa nao. Mwaka 1874 akatangaza njia yake, na mwaka 1892 akafungua chuo mjini Kirksville, Missouri. Hati ya chuo ilimruhusu kutoa shahada ya M.D. Alikataa, hakutaka wanafunzi wake wachanganywe na watu wa dawa. Katika kuzikataa dawa alikosea, na wafuasi wake walikuja kuliacha hilo. Herufi hawakuziacha.

Ndipo ugomvi ulipo. Wapo madaktari na wanafunzi wa D.O. wanaotaka shahada ibadilishwe jina, wengine wakipendekeza M.D.O. Hoja yao ni kwamba wamechoka kujieleza kwa kila mgonjwa. Oktoba 2020 Rais Donald Trump alipougua korona, daktari wake Sean Conley alikuwa D.O., na baadhi ya watu wakahoji hadharani kama ni daktari kweli. Wanaopinga wanasema ukiondoa jina umeondoa na njia, na vyuo vyao vitamezwa. Mpaka sasa kilichobadilika ni maneno tu: zamani shahada iliitwa ya "ostiopathi", siku hizi inaitwa ya "tiba ya ostiopathi", na herufi zimebaki zilezile.

Hofu ya kumezwa si ya kubuni. Mwaka 1962 huko California madaktari wapatao 2,000 wa D.O. walilipa dola 65 kila mmoja, wakahudhuria semina fupi, wakapewa M.D. Chuo chao cha Los Angeles kikageuzwa kuwa cha M.D., na jimbo likaacha kutoa leseni mpya kwa D.O. mpaka Mahakama Kuu ya jimbo ilipoamua vingine mwaka 1974. Hebu fikiri, ndugu msomaji: Jumatatu mtu anaambiwa elimu yake haitoshi, Jumanne analipa dola 65 imetosha!

Wanaotaka mabadiliko wana hoja moja nzito, na hiyo inawahusu hata jamaa zetu walioko Ulaya. Uingereza mtaalamu wa ostiopathi anatambuliwa kwa sheria ya mwaka 1993, lakini si daktari. Anatibu kwa mikono, na cheo hicho hakimpi ruhusa ya kuandika dawa wala kupasua. Kwa hiyo jina linalokaribiana lina maana mbili, kutegemea uko upande gani wa bahari. Aliyezoea daktari wake wa Ohio asiende London akadhani amempata yuleyule.

Kwetu pia herufi ni nyingi. Muhimbili hutoa M.D., Makerere na Nairobi hutoa M.B.Ch.B., Khartoum hutoa M.B.B.S., na sijamsikia mgonjwa aliyekimbia kwa sababu hiyo. Mimi mwenyewe ni afisa tabibu mwenye stashahada, ila kutwa nzima naitwa "dokta". Zamani nilisahihisha, nikachoka. Lakini linapokuja jambo lililo juu ya elimu yangu nalisema waziwazi na kuandika rufaa. Waliosoma fiqhi wanajua kuwa anayetibu bila kujulikana kwa elimu ya tiba hubeba dhamana ya madhara anayoyasababisha. Dhamana hiyo inatazama elimu, haitazami herufi.

Kwa sababu hiyo naona wabaki na D.O. yao, ila wasichoke kujieleza. Mgonjwa ana haki ya kuuliza.

Mzee aliomba nimwandikie maswali ya kuuliza, nikayaandika nyuma ya kadi ya kliniki: Je, daktari huyu ana leseni ya jimbo, na bodi ya jimbo inalionyesha jina lake? Amepata mafunzo ya hospitalini ya upasuaji? Upasuaji huu ameufanya mara ngapi? Jioni ile binti alisomewa kadi kwa simu, akacheka, akasema la tatu hakuwa amelifikiria.