Niklaus Wirth na Kazi ya Kupunguza

Wengi hudhani kubuni lugha ya programu ni kazi ya kuongeza: amri mpya, uwezo mpya, toleo jipya. Mswisi Niklaus Wirth (1934–2024), aliyepewa Tuzo ya Turing ya sayansi ya kompyuta mwaka 1984, alijijengea jina kwa kuondoa.

Miaka ya 1960 alikuwa kwenye kamati ya kimataifa iliyotafuta mrithi wa lugha ya Algol 60. Yeye na Mwingereza Tony Hoare walipendekeza marekebisho ya kiasi. Wenzao wakayaona haba, wakashika mpango mkubwa uliozaa Algol 68, lugha iliyowatoa jasho hata mabingwa. Wirth akarudi Zurich, katika chuo cha ETH, na mwaka 1970 akatoa Pascal, lugha ndogo iliyowalenga wanafunzi.

Udogo huo ulikuwa nauli yake. Kila lugha huhitaji kompaila, yaani programu inayogeuza maandishi ya mwandishi kuwa amri za mashine. Na kila aina ya mashine ina amri zake. Kikundi cha Wirth kikatengeneza kompaila iliyotoa amri za mashine ya kufikirika, isiyokuwepo popote. Aliyeitaka Pascal alihitaji kuandika programu fupi tu ya kuiigiza mashine hiyo kwenye kompyuta yake. Hivyo ikaenea vyuoni, kisha kwenye kompyuta ndogo za mezani. Miaka ya 1990 lugha ya Java nayo ilijengwa juu ya mashine ya kufikirika.

Kompaila zake aliziandika kwa lugha zilezile zilizotafsiriwa nazo, kwa hiyo kompaila iliweza kujitafsiri yenyewe. Hapo akapata mizani: mbinu ya kuharakisha programu ilikubaliwa endapo tu kompaila, ikiwa imebeba mzigo huo mpya, haikuchelewa zaidi kujitafsiri. Kiwandani mizani hiyo ingewatoa watu machozi, lakini mwalimu ilimfaa.

Lugha yake nyingine, Modula-2, ikapita, ikaja Oberon mwishoni mwa miaka ya 1980. Humo aliondoa hata FOR, amri ya kurudia kazi kwa idadi inayojulikana, maadamu WHILE, inayorudia kazi sharti likiwa bado linatimia, ingetosha. Kwa maoni yangu hapo alipitiliza. Oberon-2 ya mwaka 1991 iliirudisha.

Mwaka 2013, miaka 14 baada ya kustaafu, aliutoa upya mfumo mzima wa kompyuta uliojengwa kwa lugha ya Oberon, pamoja na kitabu kinachoueleza. Kichakataji cha awali kilikuwa hakitengenezwi tena, basi akasanifu cha kwake, ili msomaji wa kitabu hicho aweze kuufuata mfumo wote, kuanzia saketi hadi kompaila.