Je, Wajua Kidakuzi Huandikwa Lini?

Tovuti kwa asili yake haina kumbukumbu. Ukifungua ukurasa mmoja wa duka la mtandaoni, kisha ukafungua wa pili, seva inayapokea maombi hayo mawili kana kwamba yametoka kwa wageni wasiojuana. Ndivyo kanuni ya mawasiliano ya wavuti, HTTP, ilivyotungwa: ombi linaingia, jibu linatoka, habari imekwisha. Kwa msomaji wa makala hilo halina shida. Kwa mnunuzi wa viatu ni balaa, maana kila akihama ukurasa anakuta kapu lake tupu.

Mwaka 1994 Lou Montulli, mhandisi kijana wa kampuni ya Netscape huko California, alilitafutia dawa tatizo hilo. Kampuni ya simu ya MCI ilitaka duka la mtandaoni, lakini haikutaka seva zake zibebe kapu la kila mteja ambaye hajamaliza kununua. Montulli akaamua kumbukumbu ikae kwenye kompyuta ya mteja. Seva inapojibu ombi la kwanza huambatisha kipande kifupi cha maandishi. Kivinjari hukitunza, na kila kinaporudi kwa seva ileile hukirudisha. Kipande hicho ndicho kidakuzi, au kuki kama mafundi wengi wanavyokiita. Ni kama kile kibao cha namba unachopewa mlangoni mwa supamaketi unapoacha mkoba: namba haisemi lolote juu yako, ila aliyekupa anajua mkoba wako uko wapi.

Kidakuzi ni kidogo mno, kwa kawaida hakizidi kilobaiti 4. Si programu, hakiwezi kuendesha chochote, wala hakiwezi kupekua picha zako. Tena Montulli alikuwa na njia rahisi zaidi, ya kukipa kila kivinjari namba moja ya utambulisho ambayo seva zote duniani zingeiona. Aliikataa, kwa sababu namba hiyo ingemwezesha yeyote kumfuatilia mtu popote aendapo. Badala yake kila seva husoma kidakuzi chake tu, haioni cha jirani. Ni haki jambo hili lisemwe wazi, kwa sababu kidakuzi kimebeba lawama nyingi zisizokihusu. Faragha ilifikiriwa tangu siku ya kwanza.

Ufa ulikuwa kwingine. Ukurasa mmoja wa tovuti hukusanywa kutoka seva nyingi: maandishi huku, video kule, tangazo kwingine kabisa. Picha ya tangazo inapoletwa na seva ya kampuni ya matangazo, seva hiyo nayo, kivinjari kikiiruhusu, hupata nafasi ya kuandika kidakuzi chake. Kesho ukifungua gazeti jingine lenye matangazo ya kampuni ileile, kidakuzi kinarudi kwake pamoja na anwani ya ukurasa unaosoma. Kampuni haijavunja kanuni, imesoma kilicho chake tu, lakini imejua kwamba jana ulisoma habari za kisukari na leo unatafuta mkopo. Picha yenyewe si lazima ionekane. Nukta moja isiyo na rangi yatosha.

Hatari hiyo ilionwa mapema. Februari 1997 ulitolewa waraka wa kiufundi, Montulli akiwa mmoja wa waandishi wake wawili, uliotaka vivinjari vikatae vidakuzi vya watu wa nje mpaka mtumiaji mwenyewe aviruhusu. Netscape na Microsoft, waliokuwa wakishindania soko la vivinjari, hawakuufuata. Biashara ya ufuatiliaji ikanenepa kiasi kwamba mwaka 2007 Google ilikubali kulipa dola bilioni 3.1 kuinunua kampuni ya matangazo ya DoubleClick.

Sheria ilikuja ikihema nyuma. Umoja wa Ulaya ulitoa mwongozo wa faragha ya mawasiliano mwaka 2002, na marekebisho ya 2009 yakadai ridhaa kabla ya kuandika kidakuzi chochote kisicho cha lazima. Kilicho cha lazima, kama cha kapu la ununuzi au cha kukumbuka kwamba umeingia kwenye akaunti, hakihitaji ruhusa. Kuanzia Mei 25, 2018, kanuni kuu ya ulinzi wa data ya Ulaya, GDPR, ikaipa ridhaa maana kali zaidi na kuweka faini inayoweza kufika euro milioni 20 au asilimia 4 ya mapato ya kampuni ya mwaka duniani kote, yoyote iliyo kubwa zaidi.

Kesi ninayoipenda ni ya Planet49, kampuni ya Ujerumani iliyoendesha bahati nasibu mtandaoni mwaka 2013. Kwenye fomu yake, kisanduku cha kukubali vidakuzi kilikuwa tayari kimetiwa alama ya vema. Asiyetaka alipaswa kuifuta. Shirikisho la watetezi wa walaji likashtaki, na Oktoba 1, 2019 Mahakama ya Haki ya Ulaya ikaamua kwamba hiyo si ridhaa. Mtu ambaye hakufanya kitu hajakubali kitu. Mahakama ikaongeza kwamba mtumiaji aambiwe kidakuzi kitaishi muda gani na kama kuna wengine watakaokifikia. Januari 2022 CNIL, mamlaka ya Ufaransa, ikatangaza faini ya euro milioni 150 kwa Google na milioni 60 kwa Facebook: kukubali kulihitaji kubofya mara moja, kukataa mara kadhaa.

Hata hivyo vitufe vya kukubali na kukataa ni sehemu ndogo ya kazi. Tovuti nyingi huweka bango zuri la ridhaa, huku nyuma yake msimbo wa takwimu na wa matangazo ukipakiwa mara tu ukurasa unapofunguka. Mgeni bado anasoma swali, na jibu limeshachukuliwa. Hiyo ni danganya toto. Kupima ni rahisi: fungua tovuti yako katika dirisha la faragha la Chrome kwenye kompyuta, usibofye chochote kwenye bango, bonyeza F12, nenda sehemu ya Application uangalie orodha ya vidakuzi. Ukikuta _ga, cha takwimu za Google, ujue bango lako halizuii kitu. Tiba ni kuufungia msimbo huo usipakiwe kabisa hadi ruhusa itolewe.

Usidhani haya ni ya Ulaya peke yake. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtwika anayekusanya data mzigo wa kuthibitisha kwamba ridhaa ilitolewa. Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 1, 2023, na ina Tume yake ya kuisimamia. Na hoteli ya Paje, Zanzibar, inayotangaza vyumba kwa Kijerumani na bei kwa euro inaweza kuingia moja kwa moja chini ya GDPR, kwa sababu kanuni hiyo huangalia unamuuzia nani, si ofisi yako iko wapi.

Mgeni akikataa, tovuti nayo italikumbukaje jibu lake? Kwa kidakuzi, na hicho huhesabiwa kuwa cha lazima. CNIL inashauri jibu litunzwe miezi 6 kabla ya kumuuliza tena. Kumsumbua kila siku hadi achoke akubali si ridhaa. Aliyekubali naye ana haki ya kughairi kwa wepesi uleule, ndiyo maana kiungo cha mipangilio ya faragha hukaa chini ya kila ukurasa. Anapokibofya, tovuti yaweza kufuta vidakuzi vyake yenyewe. Vya kampuni ya matangazo haiwezi kuvigusa, kwa kanuni ileile ya Montulli kwamba kila seva hushika chake. Vikishaandikwa, anayeweza kuvifuta ni kampuni hiyo, au mgeni mwenyewe kwenye kivinjari chake.