Blanketi la viraka: Mabaki ya fundi yanavyoweza kuliacha jiko la mkaa nje ya chumba

Arusha. Ifikapo Juni, wakazi wa Ng'iresi, Ilkiding'a, Nkoaranga na vijiji vingine vya miteremko ya Mlima Meru hawahitaji kuambiwa kwamba msimu wa baridi umeingia. Wingu hushuka, jua huchelewa kutoka, na usiku shuka moja halitoshi. Hata Arusha mjini, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, masweta na majaketi ya mitumba huanza kugombewa hadi Agosti inapokwisha.

Ndiyo miezi ambayo jiko la mkaa, likishamaliza kuivisha makande au loshoro, huingizwa chumbani ili lipashe joto kidogo kabla ya watu kulala. Dirisha linafungwa, uwazi wa chini ya mlango unazibwa kwa gunia au nguo kuukuu, na familia inajifunika.

Ndiyo miezi hiyohiyo ambayo, kwenye baraza la fundi cherehani, mfuko wa mabaki ya vitenge hujaa, ukasubiri kutupwa au kuchomwa moto.

Mambo hayo mawili yana uhusiano. Vipande hivyo vinavyotupwa vinaweza kuunganishwa vikawa blanketi zito la kumfunika mtu mzima usiku kucha, na nyumba yenye blanketi la kutosha haina sababu ya kulala na jiko.

Jiko lisilotoa moshi ndilo la kuogopwa

Watu wengi huamini kwamba mkaa ukishakolea na kuwa mwekundu, bila moshi, hauna madhara tena. Hapo ndipo hatari ilipo. Mkaa unaoungua mahali penye hewa kidogo hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu. Haikereketi koo na haichomi macho, hivyo aliyelala hapati dalili ya kumwamsha.

Gesi hiyo ikiingia kwenye mapafu hupita hadi kwenye damu na kujishikiza kwenye himoglobini, ile sehemu ya damu inayobeba hewa ya oksijeni. Hushika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe. Damu inaendelea kuzunguka, lakini ubongo na moyo havipati hewa. Aliye macho huumwa kichwa, husikia kizunguzungu, kichefuchefu na kuishiwa nguvu. Aliyelala anaweza asiamke kabisa. Watoto, wajawazito, wazee na wenye maradhi ya moyo huathirika haraka zaidi.

Kuacha dirisha wazi kidogo si kinga ya kutegemea. Aliyekutwa amezidiwa atolewe nje mara moja kwenye hewa safi na apelekwe hospitali hata kama ameanza kujisikia vizuri, kwa kuwa tiba yake ni oksijeni. Kumnywesha maziwa, kama wengi wanavyofanya, hakuiondoi gesi hiyo kwenye damu, na aliyepoteza fahamu anaweza kupaliwa.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba mwaka 2020 hewa chafu ya majumbani, inayotokana na kuni, mkaa, mafuta ya taa na nishati nyingine za aina hiyo, ilichangia vifo milioni 3.2 duniani. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, umelenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034. Kabla ya kufika huko, jiko la mkaa litaendelea kuwepo kwenye nyumba nyingi. Linaloweza kubadilika msimu huu ni mahali linapolala.

Si jambo la wageni

Blanketi la viraka, ambalo kamusi hulitaja kwa jina la mfarishi, huonekana na baadhi ya watu kama kazi ya mikono ya Ulaya na Marekani. Lakini kuunga vipande vya nguo kuwa nguo moja ni jambo la zamani Afrika Mashariki.

Historia ya khanga yenyewe husimuliwa hivyo. Katika karne ya 19, wanawake wa pwani walinunua leso za mraba, neno lililotokana na Kireno, zikiwa bado hazijakatwa kutoka kwenye jora. Wakachukua sita, wakazishona tatu juu na tatu chini, wakapata nguo moja pana ya kujitanda. Baadaye wafanyabiashara wakaanza kuchapisha nguo pana moja kwa moja, na mshono ukatoweka.

Arusha nayo haijapungukiwa na mikono. Ni mji wenye viwanda vya nguo, kikiwemo Sunflag kilichoanza mwaka 1965, na kila mtaa una fundi wake, kuanzia Kaloleni na Unga Limited hadi Sakina na Moshono. Shanga, karakana iliyoanzishwa mwaka 2007 na kuajiri watu wenye ulemavu, imejulikana kwa kugeuza vitu vilivyokwishatumika na mabaki kuwa bidhaa. Soko la Wamasai kwenye barabara ya Fire huuzwa mikoba, aproni na foronya zenye vipande vya vitenge. Watalii hununua kazi hiyo, ila ni nadra kuikuta kwenye vitanda vya wenyeji.

Pa kupata vipande

Fundi anayeshona magauni ya vitenge hubaki na vipande pembeni mwa kila nguo anayokata. Vingi ni vidogo, lakini vingine vinafika upana wa kiganja na zaidi. Kwake huwa ni takataka za kufagia jioni. Njia rahisi ni kumwachia mfuko na kumwambia, "Fundi, naomba vipande vyako usivichome, nitapita Jumamosi." Anayemshonesha nguo naye ana haki ya kuomba mabaki ya kitenge chake mwenyewe.

Nyumbani pia kuna hazina: khanga iliyochanika pindo, shati la shule lililombana mtoto, shuka lililotoboka katikati huku kingo zikiwa bado nzima. Siku za soko Tengeru na Ngaramtoni, nguo za mitumba zilizobaki jioni hupungua bei.

Si kila kitambaa kinafaa. Pamba ndiyo bora: hunyonya jasho, hustahimili maji ya moto na pasi, na haimkereketi mtu ngozi. Kuitambua, kata kipande kidogo, kishike kwa koleo ukiwa nje, juu ya beseni la maji, kisha ukiwashe. Pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini. Polista hujikunja, huyeyuka na kuacha donge gumu. Kitambaa kinachoyeyuka kikishika moto hung'ang'ania kwenye ngozi, hivyo kisiwe sehemu kubwa ya blanketi. Pamba nayo huwaka, tena haraka, kwa hiyo blanketi lolote likae mbali na mshumaa, kibatari na jiko.

Namna ya kulishona

Blanketi hili lina tabaka tatu: uso wa viraka, ujazo wa katikati, na kitambaa cha chini. Halitengenezi joto, linaizuia hewa iliyopashwa na mwili isitoroke. Ndiyo maana tabaka tatu nyepesi zinaweza kuleta joto kuliko shuka moja zito.

Vipimo vifuatavyo vinatosha kitanda cha futi nne kwa sita.

Kwanza, fua vitambaa vyote. Kitenge kipya hunywea na kuchuja rangi; kisipofuliwa kabla, kitavuta mshono na kuchafua vipande vya jirani baadaye. Vya rangi kali vifuliwe peke yake hadi maji yatoke safi.

Pili, kata boksi gumu la mraba, sentimita 17 kila upande. Hicho ndicho kipimo. Liweke juu ya kitambaa, chora kwa chaki au kipande cha sabuni, kisha kata. Vinahitajika vipande 140.

Tatu, unga vipande 10 kwa mstari mmoja, ukiacha sentimita moja ya mshono kila upande. Shona mistari 14, piga pasi, kisha unganisha mistari hiyo. Utapata uso wenye upana wa sentimita 150 na urefu wa sentimita 210. Asiye na cherehani anaweza kushona kwa mkono, mradi awe na uzi imara na subira.

Nne, kitambaa cha chini. Doti moja ya khanga inatosha. Khanga moja huwa na takriban sentimita 150 kwa 110. Ukiunga mbili kwenye upande mrefu, unapata nguo inayolingana na uso na kubaki na ziada kidogo ya kupunguza.

Tano, ujazo. Blanketi kuukuu ndilo jepesi kupatikana, au masweta na nguo za manyoya za mitumba zilizokatwa na kuungwa bapa bila kupandana. Vipande vya godoro viepukwe: huchelewa kukauka, huoza kwa unyevu, na vikishika moto hutoa moshi wa sumu. Sufi ni nzuri kwa mito, lakini ndani ya blanketi hujikusanya upande mmoja likifuliwa.

Sita, tandika tabaka zote tatu sakafuni, zinyooshe na uzipige bandi. Kisha chukua uzi mnene na ufunge fundo kwenye kila makutano ya pili ya viraka, ukipitisha sindano hadi chini na kuirudisha juu. Mafundo hayo ndiyo yanayozuia ujazo usitembee. Mwisho, zungushia kingo utepe wa kitenge. Unahitajika wa urefu wa mita 7 na nusu hivi.

Sindano na pini zihesabiwe kabla ya kuanza na baada ya kumaliza. Moja ikibaki ndani ya ujazo, itaonekana siku imemchoma mtu.

Mtoto mchanga asifunikwe nalo

Hapa panahitaji msisitizo, kwa sababu zawadi ya kwanza inayofikiriwa na wengi ni blanketi la mtoto. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja hapaswi kulazwa na blanketi zito, mto wala kitu chochote laini kinachoweza kumfunika uso. Bado hana nguvu ya kukiondoa, na anaweza kukosa hewa bila hata kulia. Joto kupita kiasi nalo ni hatari kwake.

Mtoto huyo alazwe chali, kwenye godoro lisilobonyea, akiwa amevalishwa nguo za joto za kumtosha. Blanketi la viraka linamfaa mchana, likiwa limetandikwa mkekani acheze juu yake huku mtu mzima akimwangalia. Kwa kazi hiyo lisiwe na vifungo, shanga wala mapambo yanayoweza kung'oka akayameza.

Kwa mtoto aliyezaliwa njiti au na uzito mdogo, joto bora ni kifua cha mama. WHO, katika mapendekezo yake ya mwaka 2022, inataka huduma ya kangaruu, yaani mtoto kuwekwa ngozi kwa ngozi na mama yake, ianze mapema iwezekanavyo baada ya kuzaliwa. Namna ya kumfunga na kumfunika ifuate maelekezo ya mkunga.

Lifuliwe, lianikwe juani

Blanketi lisilofuliwa hukusanya vumbi na wadudu wadogo wasioonekana kwa macho, ambao huweza kuamsha pumu na mzio wa pua. Mwenye pumu nyumbani anahitaji blanketi linalovumilia maji ya moto ya nyuzi joto 60, kiwango kinachoua wadudu hao. Hiyo ni sababu nyingine ya kuchagua pamba.

Wakati wa baridi, jua la Meru halina uhakika, na blanketi nene likikunjwa bichi huota ukungu. Linapofuliwa, lisubiri siku yenye jua na lianikwe kwenye kamba mbili ili hewa ipite katikati. Siku nyingine, kulianika tu asubuhi kunasaidia kuondoa unyevu wa usiku.

Anayetaka blanketi lake liwe tayari kabla ya Juni ana hesabu rahisi. Vipande vitano vikikatwa na kuungwa kila jioni baada ya chakula, vyote 140 vinakamilika ndani ya siku 28. Anayeanza kukusanya mabaki baada ya Pasaka atakuwa na muda wa kutosha kuweka ujazo na kufunga mafundo kabla wingu halijashuka. Na usiku wa kwanza wa kulitumia, kabla ya kufunga mlango, jiko litolewe nje.