Amiri Aliyewafungulia Mlango Wakristo wa Damascus

Katika darsa za baada ya Magharibi huulizwa swali moja mara kwa mara, na aghalabu huulizwa na vijana: je, kuishi kwa wema na wasiokuwa Waislamu si dalili ya kulegea katika dini? Swali hilo halijibiwi kwa hotuba za jumla juu ya amani. Hujibiwa na sira za watu, na sijaona yenye hoja nzito kuliko sira ya Amiri Abdulqadir bin Muhyiddin wa Algeria.

Alizaliwa mwaka 1808 karibu na mji wa Mascara, katika nyumba ya elimu na tariqa ya Qadiriyya. Wafaransa walipoivamia nchi yake, makabila yalimpa baia mwaka 1832, akapigana nao kwa miaka 15. Mwishoni mwa mwaka 1847 aliweka silaha chini kwa ahadi kwamba yeye na watu wake wangepelekwa Mashariki, katika nchi ya Waislamu. Ahadi ikavunjwa. Wakajikuta wafungwa Toulon, kisha Pau, kisha katika ngome ya Amboise, na huko watu wake wakafa mmoja baada ya mwingine, watoto wakiwa miongoni mwao. Bustani ya ngome hiyo ina makaburi 25 ya jamaa na wafuasi wake. Aliachiwa mwaka 1852, akakaa Bursa, na mwaka 1855 akahamia Damascus.

Ndugu msomaji, ikiwa yupo mtu aliyekuwa na udhuru wa kufunga mlango wake mbele ya Wakristo, basi ni huyu.

Mwezi Julai 1860, fitina iliyokuwa imewaka katika milima ya Lebanon baina ya Wadruzi na Wamaroni ilifika Damascus. Chimbuko lake halikuwa itikadi peke yake. Palikuwa na ugomvi juu ya kodi ya kujikomboa na utumishi wa jeshi, wivu wa biashara, na mikono ya madola ya Ulaya. Tarehe 9, vijana wa Kiislamu walioshtakiwa kwa kuchora misalaba njiani ili ikanyagwe walitolewa na minyororo wafagie mitaa ya Wakristo. Umma ukapandwa na hasira, na mtaa wa Bab Tuma ukaporwa na kutiwa moto. Askari wa dola waliopaswa kuulinda hawakuulinda.

Amiri alikuwa amekwisha kumwonya liwali. Sasa alitoka na wafuasi wake wa Kialgeria, wakapita vichochoroni wakiwaita Wakristo wawafuate. Miongoni mwa wa kwanza kupata hifadhi chini ya paa lake alikuwa balozi mdogo wa Ufaransa, dola ile ile iliyomfunga. Nyumba ilipojaa, wakimbizi walipelekwa kwa makundi hadi ngome ya mji, chini ya ulinzi wa watu wake. Wenye fujo walipofika mlangoni kudai wakabidhiwe wageni wake, aliwakabili mwenyewe, akawakemea kwa jina la sharia, akakataa. Kisha akatangaza kwamba atakayemletea Mkristo akiwa hai atalipwa piastre 50. Hili hunishangaza kuliko yote: hakungoja nyoyo za wakorofi zilainike, bali alizinunua roho za watu kwa fedha taslimu, moja moja. Waliookolewa walikuwa maelfu. Na maelfu, kwa masikitiko makubwa, waliuawa.

Haki inataka isemwe kuwa hakuwa peke yake. Katika mtaa wa Midan, walikoishi wafanyabiashara wa nafaka ya Hauran, Waislamu waliwakinga majirani zao Wakristo. Kwetu Afrika Mashariki tunao mfano wao: Desemba 2015, huko Mandera nchini Kenya, abiria Waislamu wa basi lililotekwa walikataa kutenganishwa na Wakristo, na akina mama wakawapa wenzao hijabu wajistiri. Mwalimu mmoja Mwislamu alipigwa risasi siku ile, akafariki mwezi uliofuata.

Amiri alipewa nishani na Ufaransa na Papa Pius IX. Rais Abraham Lincoln wa Marekani alimpelekea bastola. Mwenyewe alisema ametimiza tu wajibu wa sharia na haki za wanadamu. Lakini barua yenye uzito zaidi ilitoka kwa Imam Shamil wa Dagestan, mujahidi mwenziwe, aliyekuwa mateka wa Warusi baada ya vita vya zaidi ya miaka 20. Alimsifu Amiri kwa kuifuata sunna, akastaajabia upofu wa watawala waliosahau onyo la Mtume (s.a.w.) kwamba amdhulumuye mwenye ahadi atakuwa na Mtume mwenyewe kuwa hasimu wake Siku ya Kiyama. Amiri alimjibu kwa majonzi kwamba watetezi wa haki wamekuwa wachache, hata wajinga wakadhani kuwa asili ya Uislamu ni ukali na ukatili.