Mdundo wa Pili

Mwanafunzi wa urubani anapotua vibaya akiwa peke yake, mara nyingi si kishindo cha kwanza kinachovunja ndege. Magurudumu yanagusa njia, ndege inadunda, naye kwa hofu anasukuma usukani mbele ili airudishe chini. Pua inatangulia. Gurudumu la mbele, ambalo halikuundwa kubeba pigo hilo, linakatika na propela inachimba ardhi.

Chanzo huwa mwendo. Cessna 172 hukaribia kutua kwa takriban kilomita 120 kwa saa. Kasi ikizidi kwa asilimia 10, nishati inayotakiwa kumalizwa huzidi kwa asilimia 21, na ndege huendelea kuelea tu. Tena mwalimu ameshashuka. Bila uzito wake, ndege si ile aliyoizoea mwanafunzi.

Sasa tumpeleke Newala, kusini mashariki mwa Tanzania, zaidi ya mita 600 juu ya usawa wa bahari, ukingoni mwa uwanda wa Makonde. Ukisimama kwenye genge la Shimo la Mungu, bonde la Ruvuma liko chini kabisa. Joto likifika nyuzi 30, hewa ya huko huwa nyepesi kiasi kwamba kipimo cha mwendo kikisoma 120, ndege inakwenda karibu 128. Aliyezoea pwani anaona ardhi inamkimbilia, anadhani amezidisha, anapunguza. Hilo ni baya kuliko kudunda, kwa sababu mabawa yanaweza kuacha kuibeba ndege. Upepo nao hupanda genge na kuvurugika ukingoni. Mji jirani wa Masasi nao una adha yake: vilima vya mawe vinavyouvuruga upepo.

Dawa ya mdundo ni kuongeza nguvu zote za injini na kupaa tena. Lakini hata hilo lina mtego. Southend, Uingereza, 19 Julai 2006, kijana wa miaka 16 aliyekuwa akiruka peke yake kwa mara ya pili aliamriwa kuacha kutua ili kuipisha ndege yenye kasi iliyokuwa nyuma yake. Cessna yake ilipoteza mwendo ikaanguka, akafa. Msongamano wa ndege nao ni hatari: Nairobi, 5 Machi 2024, Cessna 172 ya mafunzo iligongana angani na ndege ya abiria ya Safarilink. Waliokuwa ndani ya Cessna, wawili, walikufa.

Newala haina msongamano wa uwanja wa Wilson, Nairobi. Ila mchana wa joto injini ya kawaida hupungukiwa zaidi ya asilimia 10 ya nguvu zake, kwa hiyo vibawa vya kutua (flaps) hukunjwa hatua kwa hatua, mwendo ukishapatikana. Mwalimu makini humfanyisha mwanafunzi zoezi la kupaa tena saa nane mchana, si asubuhi ya baridi, kabla ya kumwachia ndege.