Bibi wa Kinyala, Mchongoko na ndege ya mjukuu

RUNGWE. Tiketi ya ndege ilipoingia kwenye simu ya mjukuu, ubishi uliozuka ndani ya nyumba haukuhusu ada wala mabegi. Ulimhusu bibi. Binti huyo, aliyelelewa na bibi yake Kinyala tangu akiwa na miaka mitatu, alikuwa anakwenda kusoma India, na bibi alishasema neno moja tu: atamsindikiza mpaka aione ndege.

Mjomba alitaka waagane Uyole, pale yanapopita mabasi ya Dar es Salaam. Hakuwa na ubahili. Kutoka huko hadi Dar ni zaidi ya kilomita 800, na safari ya mwisho ya bibi, alipokwenda msibani Mbagala, alishuka kwenye basi miguu imevimba hata viatu havimwingii. Anayeijua barabara hiyo anajua kwamba adha yake kubwa haiko Makambako wala Mafinga. Iko mwishoni, baada ya Morogoro, abiria akiwa hoi, anapoanza kuhesabu malori Chalinze, Mlandizi na Kibaha.

“Mama, utaumia bure,” mjomba alisema.

“Wewe ulipokwenda JKT nilikusindikiza kwa miguu mpaka Tukuyu,” bibi akamjibu. “Huyu naye ni mtoto wangu.”

Aliyeupata ufumbuzi ni mjukuu mwenyewe. Wapande basi hadi Morogoro tu, kisha treni.

Treni ya SGR ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, ikafika Dodoma mwezi uliofuata. Novemba 1 mwaka huohuo zikaingia kazini treni nyingine mpya, zilizotengenezwa na Hyundai Rotem ya Korea Kusini, ambazo watu walizibatiza Mchongoko kwa sababu ya pua yake. Hizi hazivutwi na kichwa cha treni kama tulivyozoea; mota za umeme zimefungwa chini ya mabehewa yenyewe, ndiyo maana zinaondoka kituoni kwa wepesi na zinaweza kufika kilomita 160 kwa saa. Morogoro hadi Dar ni chini ya saa mbili. Nauli iliyotangazwa mwaka 2024 kwa daraja la kawaida ilikuwa Sh13,000.

Mjomba hakukubali haraka. Alikumbusha kwamba Agosti 2024 Shirika la Reli lenyewe lilisema ngedere na bundi wamesababisha hitilafu za umeme kwenye njia hiyo. “Bundi!” bibi alishangaa, na kwa watu wa makamo yake jina hilo halitajwi hivihivi. Lakini hakubadili nia.

Hoja ya mjomba iliyokubaliwa ni ya ratiba. Treni haimsubiri mtu aliyekwama nyuma ya lori mlima Kitonga, kwa hiyo wasikate tiketi ya jioni ileile. Walale Morogoro kwa ndugu, wapande asubuhi, na ndege iwe ya usiku. Shauri hilo lingefaa familia nyingi za Nyanda za Juu Kusini zenye safari kama hiyo, maana wapo wanaobana kila kitu ndani ya siku moja kisha wakalia stendi. Tena stendi ya Msamvu na stesheni ya SGR si mahali pamoja. Kuna nauli nyingine hapo katikati.

Jambo la pili ni mahali pa kushukia. Uwanja wa Julius Nyerere uko kati ya Pugu na katikati ya jiji. Anayeshukia Pugu anakwenda mbele kidogo kwa teksi au bajaji; anayefika mpaka stesheni ya Magufuli analazimika kurudi nyuma. Treni za haraka hazisimami kila kituo, hivyo ni vizuri kuuliza wakati wa kukata tiketi.

Ajabu ni kwamba reli ya zamani inayopita Mbeya, TAZARA, huwashusha abiria wake Barabara ya Nyerere, barabara ileile iendayo uwanja wa ndege. Tatizo ni muda: safari yake huchukua takriban siku nzima, huchelewa, na kuna vipindi imesimama kabisa. Mwaka 2025 Tanzania na Zambia zilitia saini na kampuni ya CCECC ya China mkataba wa dola bilioni 1.4 wa kuifufua, pamoja na kuleta injini mpya. Na mwaka 2012 ni mtu wa jirani, Dk. Harrison Mwakyembe wa Kyela, akiwa Waziri wa Uchukuzi, aliyeanzisha treni za abiria ndani ya Dar, hadi leo watu wanaziita kwa jina lake. Treni ya kumfikisha msafiri mlangoni mwa uwanja bado haipo.

Asubuhi ya safari, mizigo ilipitishwa kwenye mashine ya ukaguzi. Kulikuwa na begi la mjukuu na kapu la maparachichi, ambalo bibi hakutaka kuliachia hata mashine. Alikaa dirishani. Treni ilipoondoka aliuliza kama imeshaanza kwenda.

Kitu ambacho hakuna aliyemwambia mapema, na walipaswa kumwambia, ni kwamba kwenye jengo la kuondokea asiye na tiketi ya ndege haingii. Bibi aliishia nje. Alimfunga mjukuu kanga yake shingoni, akampa maparachichi mawili, akasimama kwenye kioo mpaka kichwa cha binti kilipopotea kwenye foleni.

Mjomba akamwambia waondoke. Bibi akauliza ndege inaruka saa ngapi. Walikaa nje saa tatu, wakila maparachichi yaliyobaki.

Siku ya kurudi, Pugu, miguu ilikuwa haijavimba. Aliomba tena siti ya dirishani.