Maveterani wa baiskeli wanavyopigana na shifti ya usiku

SHABIKI wa Manchester City anayekwenda Etihad hupita jirani na jengo moja kubwa lenye paa la mviringo. Wengi wala hawageuzi shingo. Ndani ya jengo hilo kuna njia ya mbao yenye urefu wa mita 250, na kona zake zimeinuka kwa nyuzi 42. Ukisimama chini ya kona hizo unaona kama umesimama mbele ya ukuta. Hiyo ni velodromu ya Manchester, iliyofunguliwa mwaka 1994, miaka tisa kabla City hawajahamia hapo jirani.

Ubingwa wa dunia wa maveterani wa baiskeli umefanyika humo mara nyingi. Umri wa kuingia ni miaka 35 na kuendelea, na washindani hupangwa kwa makundi ya miaka mitano mitano, hadi kwa wazee waliovuka 70. Baiskeli zao zina gia moja tu na hazina breki. Usipokanyaga pedali, zinakukanyagisha zenyewe. Bingwa anavaa jezi ya upinde wa mvua, lakini mshahara hakuna. Wengi wanalipa nauli, hoteli na ada ya kushiriki kutoka mfukoni.

Ipo hivi. Hawa ni watu wenye kazi zao. Anayefanya kazi ofisini ana afadhali, kwani saa 11 jioni ameshatoka na mazoezi yake yana saa maalumu. Shughuli iko kwa muuguzi, zimamoto, polisi na mtu wa kiwandani. Hao ratiba ya mazoezi hawaipangi na kocha peke yake, msimamizi wa zamu naye ana neno lake, na mara nyingi neno lake ndilo la mwisho.

Wapenzi wa soka wanaijua habari hii kupitia Jamie Vardy, ambaye kabla ya kubeba ubingwa wa England na Leicester mwaka 2016 alikuwa akifanya kazi kiwandani, huku akiichezea Stocksbridge Park Steels kwa pauni 30 kwa wiki. Tofauti ni kwamba Vardy alikuwa kijana. Mwili wa kijana unasamehe. Wa miaka 52 unaandika deni.

Chukua mfano wa muuguzi wa umri huo, mwenye shifti ya saa 12, kuanzia saa 1 usiku hadi saa 1 asubuhi. Anafika nyumbani saa 2. Baiskeli imefungwa kwenye mashine sebuleni, na kwenye karatasi ya kocha imeandikwa sprinti sita za nguvu zote. Je, apande au alale?

Mwenye kiu ya medali atapanda. Hapo ndipo wengi wanapojimaliza. Joto la mwili hushuka kabisa kwenye saa 10 au 11 alfajiri, na hupanda hadi kileleni alasiri kuelekea jioni. Aliyekesha ameshavuka bonde hilo akiwa kazini, amesimama kwa miguu. Sprinti atakazopiga muda huo zitakuwa za kivivu, misuli haitajengeka inavyotakiwa, na usingizi wa mchana utaliwa. Nao usingizi wa mchana tayari ni mfupi, kuna mwanga na kelele, na kuna jirani anayekata majani.

Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walichapisha utafiti uliohusu wachezaji 11 wa mpira wa kikapu. Waliwaomba wakae kitandani angalau saa 10 kila siku kwa wiki kadhaa. Muda wao wa kukimbia sprinti ulishuka kutoka sekunde 16.2 hadi 15.5, na mitupo huru ikaongezeka usahihi kwa asilimia tisa. Walilala tu. Kocha gani asingeitaka dawa hiyo?

Kwa hiyo mtu wa zamu mwenye akili hupanga hivi: baada ya shifti ya usiku anakula kidogo, anafunga mapazia mazito, anazima simu na kuchapa usingizi. Akiamka anazungusha miguu taratibu nusu saa. Kazi ngumu, zile sprinti na mizunguko ya kukata pumzi, anaiweka siku ya pili ya mapumziko, jioni. Kwa wiki anapata siku mbili za maana, basi. Kuna wiki anapata moja, na anaimeza hivyohivyo.

Anayedhani hiyo ni kidogo amtazame Robert Marchand. Mfaransa huyo, aliyezaliwa 1911 na kuwahi kuwa zimamoto Paris, aliirudia baiskeli akiwa na miaka 68. Mwaka 2012, akiwa na miaka 100, aliendesha kilomita 24.25 kwa saa moja. Kisha akaingia mikononi mwa mtaalamu Véronique Billat, aliyempa programu ambayo asilimia 80 ilikuwa mwendo mwepesi na 20 mwendo mgumu. Mwaka 2014 mzee akarudi na kilomita 26.927. Yaani kwa miaka miwili alizidi kuzeeka na akazidi kuwa na kasi! Alifariki 2021 akiwa na miaka 109.

Hesabu hiyo ya 80 kwa 20 inamkaa vizuri mtu wa zamu. Mwendo mwepesi unaingia popote, hata kwa kwenda kazini na baiskeli. Ule mgumu ndio unaohitaji mwili uliolala.

Inabaki vita ya mwisho, kalenda. Mbio za kufukuzana za mita 2,000 kwa wazee ni mizunguko minane tu ya Manchester, kama dakika mbili na nusu hivi. Kwa dakika hizo muuguzi wetu ameanza kuomba kubadilishana zamu miezi mitatu kabla. Anataka usiku tatu zilizo wazi kabla ya mashindano, maana usiku mmoja mwema hauondoi deni la wiki nzima. Amempa mwenzake Krismasi. Mwingine amempa mkesha wa mwaka mpya. Hata wacheza bonanza wa Jumapili pale mtaani wanaijua biashara hii.

Kisha anasimama kwenye mstari, baiskeli imeshikwa kwenye geti la kuanzia, saa inahesabu kurudi nyuma. Akifuzu, fainali ni jioni ya siku hiyohiyo. Asipofuzu, anapakia baiskeli kwenye gari. Kwa vyovyote, Jumatatu saa 1 usiku jina lake lipo kwenye ubao wa zamu.